Dawa ya kupe isiue na nyuki

Mfugaji wa Nyabibuye, wilayani Kakonko, anapokwenda duka la pembejeo kununua dawa ya kuogesha ng'ombe huuliza mambo mawili: inaua kupe? Inauzwa kiasi gani? Tunamshauri aongeze la tatu: ikishatoka kwenye bomba, inakwenda wapi?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Dawa za jamii ya saipamethrini huua kupe pamoja na mbung'o, lakini ni sumu kali kwa nyuki na samaki. Amitrazi huua kupe bila kuwadhuru sana nyuki, ila haifai kwa mbung'o. Huku Kakonko na Kibondo, ambako asali ni biashara, anayeokoa ng'ombe kwa kuua mzinga wa jirani hajapata faida. Amehamisha hasara tu.

Kwa hiyo, pasipo na mbung'o, mwulize mtaalamu wa mifugo kuhusu amitrazi. Penye mbung'o, nyunyiza saipamethrini jioni nyuki wakiwa mizingani, mbali na mto. Mabaki yasimwagwe kijitoni, wala kopo lisioshwe humo. Ng'ombe ni mali, na mzinga nao ni mali.