Mali bila daftari: maktaba zetu zinawangoja wanafunzi wa lugha

"Maktaba ya nini, na intaneti iko?" Neno hili nalisikia mara kwa mara katika promosheni zetu, hata kwa wenzangu wanaokaribia kutetea memuari. Wengine huongeza kwamba kazi ya mkutubi ni kukaa mlangoni, kupokea kadi ya mwanafunzi na kungojea pensheni. Ninaandika kuwapinga. Naona kwamba maktaba za chuo na za mji sasa zinahitaji watu wa lugha kuliko zamani, na sisi wa Kitivo hiki tunazipita kana kwamba hazituhusu.

Mwaka jana nilifanya stashi katika maktaba moja ya chuo. Kuna makabati ya mbao yenye droo ndogo ndogo, na ndani yake fishi zilizopigwa taipu vizuri: jina la mwandishi juu, kichwa cha kitabu chini, namba ya rafu pembeni. Lakini fishi hizo zina mwisho. Vitabu na memuari zilizoingia baadaye hazikuandikiwa kitu; zimepangwa kwa mwaka, au kwa nafasi iliyopatikana. Anayejua zilipo ni mzee mmoja. Ukimwambia, "Baba, natafuta kazi juu ya mafumbo ya Kiswahili," anakuuliza, "Mwanangu, mafumbo ya hapa mjini ao ya kijijini?" Kisha anakwenda moja kwa moja kwenye rundo fulani na kukutolea unachotaka. Namheshimu sana. Lakini amebakiza miaka michache, na hakuna kijana aliyewekwa karibu naye ajifunze. Siku atakapopumzika, vitabu vitabaki na hakuna atakayejua kipi kiko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na memuari zetu ni mali ya namna hiyo.

Hapa Lubumbashi tuna mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wetu kwa Kiswahili cha mji wetu, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wametumika katika nyumba za Wazungu. Andiko hilo linaitwa Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Halikupita kwa mchapishaji wala halikuuzwa katika duka la vitabu. Leo mwanafunzi akilitaka, atalikuta katika kitabu cha Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha hapa miaka ya 1970. Alikitoa mwaka 1990 kwa msaada wa Kalundi Mango, na wachapishaji wake wako Amsterdam. Simlaumu Fabian, bila yeye pengine tusingekuwa na andiko hilo kabisa. Swali langu linatuelekea sisi. Ni majarida mangapi ya parokia, tamthilia za redio, vitabu vya nyimbo na hotuba za vyama vya wafanyakazi ambavyo viliandikwa kwa Kiswahili katika miji yetu na havijulikani vilipo? Tutamngojea mgeni mwingine avikusanye?

Ndiyo maana jibu la "intaneti iko" halinitoshi. Intaneti hukuonyesha kitu ambacho mtu fulani amekwisha kukiweka pale na kukipa maelezo. Memuari iliyolala kabatini bila fishi haipatikani kwa simu ya bei yoyote. Na zile programu za akili bandia zinazojibu kila swali zimeongeza tatizo: ukiziomba vitabu juu ya Kiswahili cha Kongo, zinaweza kukupa vichwa vizuri na majina ya waandishi, pamoja na mwaka na ukurasa, halafu ukitafuta unakuta kitabu hakijawahi kuandikwa. Anayeweza kukuambia "hiki kipo, hiki hakipo" ni mtu mwenye katalogi mkononi na ujuzi wa somo lenyewe. Huyo ni mkutubi.

Sasa tutazame kazi yake kwa karibu, maana hapo ndipo lugha inapoingia. Chukua majina ya mahali. Mwanafunzi anayetafuta habari za Kiswahili cha hapa kwetu akiandika "Lubumbashi" atakosa yote yaliyoandikwa kabla ya 1966, wakati mji ulipoitwa Élisabethville. Akiandika "Katanga" atakosa kazi za miaka ya Mobutu, wakati jimbo lilipoitwa Shaba. Jina la Katanga lilirudi mwaka 1997, na mwaka 2015 jimbo likagawanywa, nasi tukawa watu wa Haut-Katanga. Lugha yenyewe ina majina yake: Kiswahili cha Shaba, Kiswahili cha Katanga, Kiswahili cha Lubumbashi, na huko kaskazini Kingwana. Chuo nacho kilikuwa Université Officielle, kikawa sehemu ya UNAZA kuanzia 1971 hadi 1981, kisha kikawa UNILU. Anayeandika katalogi lazima ayaunganishe majina hayo yote, ili anayetumia moja aelekezwe kwa mengine. Asiyejua historia ya lugha na ya nchi hawezi kuyaunganisha.

Kwa majina ya watu ni vile vile. Mwandishi aliyefundisha hapa na kujulikana dunia nzima alikuwa Valentin-Yves Mudimbe. Wakati wa siasa ya uhalisi, majina ya Kikristo yalipokatazwa, akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi V. Y. hazikubadilika, kwa bahati nzuri. Wengine hawakupata bahati hiyo: mtu mmoja anaonekana katika katalogi za nje kama waandishi wawili, au jina la baba yake limechukuliwa kuwa jina lake mwenyewe. Mkutubi wa Paris au Chicago anakisia. Sisi tunajua, au tunaweza kumwuliza mwenyewe ama jamaa zake.

Hata namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu zina hadithi ya lugha. Mpangilio wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, umeipa lugha mia ya nne. Kiingereza kina kumi nzima, 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kilatini 470. Lugha nyingi za Afrika zimesongamana ndani ya 496, na Kiswahili kinapatikana baada ya nukta, 496.392. Vivyo hivyo kwa alama za lugha zinazotumika katika katalogi za kompyuta. Nyingi hutumia alama moja tu, swa, kwa Kiswahili chote, cha Zanzibar na cha Kolwezi pamoja, ingawa orodha ndefu zaidi ya kimataifa, ISO 639-3, ina swc kwa Kiswahili cha Kongo. Katika stashi yangu niliona memuari juu ya Kiswahili cha mtaani yenye fishi ya Kifaransa, na chini yake limeandikwa neno "linguistique" peke yake. Aliyeiandika fishi hakuwa mvivu. Hakuwa na maneno ya kutofautisha mambo ambayo sisi tunayasoma miaka mitano.

Kwa hiyo ninapozungumza juu ya ukutubi kama kazi, sizungumzi juu ya kukaa mlangoni. Mkutubi wa leo anaandika katalogi kwa programu kama Koha, ambayo ilianzishwa New Zealand na haiuzwi. Anaweka memuari katika hazina ya kidijitali kwa kutumia DSpace, ambayo nayo ni ya bure. Anajua kwamba nchi yetu imo katika zile zinazoruhusiwa kupitia Research4Life kusoma majarida mengi ya sayansi bila malipo, na anawafundisha wanafunzi namna ya kuyafikia. Anajua haki za mwandishi, yaani nini chaweza kunakiliwa na nini hapana. Anapokea kanda za kaseti za wazee, anazisikiliza na kuzitolea maandishi. Katika hayo yote, programu zinajifunzika kwa wiki chache. Kusikiliza kaseti ya Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba, Kiluba na Kifaransa na kuiandika bila kuiharibu, huko kunataka miaka, na miaka hiyo tunaitumia hapa.

Maktaba ya mji nayo ina kazi nyingine. Msomaji wake anaweza kuwa mama anayetaka kuelewa karatasi ya hospitali, au mtoto wa komini ya Kenya anayeanza kusoma. Kwa huyo mtoto kuna hadithi za African Storybook, zenye ruhusa ya kuchapishwa na hata kubadilishwa bila malipo, na nyingi ziko kwa Kiswahili. Ila Kiswahili hicho ni cha Nairobi na pwani. Mtoto anasoma "baiskeli", wakati nyumbani anasikia "kinga". Je, tubadilishe neno? Tuyaweke yote mawili? Tuliache ajifunze? Wana wa Kitivo hiki wangeweza kubishana juu ya swali hili mchana kutwa, na maktaba ya mji ingefaidika na jibu lao.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, mshahara. Ni kweli kwamba wakutubi wengi wa vyuo huhesabiwa katika PATO, kundi la wafanyakazi wa utawala, ufundi na kazi za mikono, wala hawahesabiwi pamoja na waalimu, ingawa wanafundisha kila siku bila oditwari. Nakubali kwamba mtu hawezi kulisha watoto kwa heshima tupu. Lakini tuseme kweli: ni wangapi kati yetu watakaopata nafasi ya asistanti? Wengi wetu tunakwenda kufundisha sekondari, au kutafsiri kwa mashirika kwa mkataba wa miezi miwili. Kupanga nyaraka, kuweka kumbukumbu na kueleza maandishi kwa lugha mbili au tatu ni ujuzi unaotafutwa pia na redio, dayosisi, makampuni ya migodi na mashirika hayo hayo. Na kundi ambalo halina watu waliosomea kazi yake litaendelea kulipwa kama kundi lisilo na kazi.

Pili, umeme na mega. Hapa ninawajibu kwa jambo linalowezekana. Kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, yenye programu ya Kiwix, yaweza kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili pamoja na memuari zetu zote, na kuzitoa kwa simu za wanafunzi waliokaa karibu bila intaneti na bila mtu kununua mega hata moja. Inatumia umeme kidogo sana. Betri na kipande cha sola vinaitosha. Kinachokosekana ni hizo memuari zenyewe katika hali ya kusomeka, na mtu wa kuziandikia maelezo.

Tatu, kuna silabusi. Nawaomba waalimu wetu wanivumilie. Mwanafunzi wa lisansi aweza kumaliza miaka yake yote kwa kusoma silabusi alizoletewa na CP, bila kufungua kitabu kimoja. Mfumo wa LMD unasema sehemu ya kila krediti ni kazi binafsi ya mwanafunzi. Kazi hiyo ataifanyia wapi, na kwa vitabu gani, kama maktaba haimo katika somo?

Napendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza bila kungoja bajeti ya Kinshasa.

La kwanza: kila memuari inayowekwa Kitivoni iambatane na nakala ya kidijitali na fishi ya nusu ukurasa, iliyojazwa na mwandishi mwenyewe na kutazamwa na mwelekezi wake. Iwe na majina ya mwandishi katika sura zake zote, muhtasari kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, maneno matano ya kutafutia katika lugha zote mbili, na majina ya zamani na ya sasa ya mahali panapotajwa.

La pili: stashi ya maktaba itambuliwe na kupewa krediti sawa na stashi ya shule. Wanafunzi wawili kila muhula wakikaa na wakutubi wetu wazee, wakiandika wanayoyajua na kusafisha fishi za zamani, baada ya miaka michache katalogi itakuwa imefika mwisho wa rafu.

La tatu: kila mwalimu aweke nakala moja ya silabusi yake maktabani, na mbele ya kila kitabu anachokitaja aandike kama kipo hapa na namba yake ni ipi. Kisipokuwepo, nalo aliandike. Tutapata kwa njia hiyo orodha ya kweli ya vitabu vinavyokosekana, na orodha hiyo ndiyo ya kumpelekea yeyote anayesema anataka kutusaidia.

Kwa wenzangu wa masta wanaochagua mada mwaka huu, nina ombi moja. Kabla hamjaandika katika utangulizi wenu kwamba "hakuna aliyewahi kushughulikia swali hili", nendeni mkamwone yule mzee wa maktaba mliyo nayo karibu. Chukueni daftari. Mwulizeni juu ya mada yenu, na akishawaonyesha kazi mbili tatu ambazo hamkuzijua, mwombeni ruhusa ya kuziandikia fishi kabla hamjaondoka.