Kungojea amani si mpango wa maisha

Katika Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ama Bunia, kijana wa miaka 23 akiulizwa anapanga kufanya nini na maisha yake, mara nyingi jibu ni lile lile: anangojea kwanza hali itulie. Hali ikitulia atarudi masomoni. Hali ikitulia atafungua duka. Hali ikitulia ataoa.

Jibu hilo lina sababu zake. Kijana wa umri huo alizaliwa wakati vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka na kuteketeza nyumba za maelfu ya watu kando ya Goma. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma, kisha Bukavu, iliingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango, na mwenye akiba akashindwa kuifikia. Mwaka huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiajiri vijana yakapunguza wafanyakazi. Mtu aliyeona hayo yote kabla ya kutimiza miaka 25 hastahili kuitwa mvivu.

Lakini kuna hesabu moja ambayo kila kijana anapashwa kuifanya. Vita vya kwanza vilianza mwaka 1996. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, akisema atangojea utulivu ndipo aanze, leo yuko karibu na miaka 50. Vita havikumngojea. Miaka nayo haikumngojea.

Mfano wa karibu unatoka Bukavu. Denis Mukwege alizaliwa huko mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Alipokuwa mdogo alimfuata baba yake kwenda kutembelea wagonjwa, na akaona kwamba baba anaomba lakini hatoi dawa. Hapo ndipo akapata wazo la kuwa munganga. Lakini njia haikunyooka. Baada ya diploma yake ya sekondari mwaka 1974, alipitisha miaka miwili katika masomo ya uhandisi kule Kinshasa, kazi ambayo siyo aliyoitaka. Mwaka 1976 aliacha, akaenda kuanza udaktari Burundi. Kwanza alifikiria kutunza watoto. Alipofika hospitali ya Lemera na kuona akina mama wanavyokufa ao kuumia wakati wa kuzaa, akabadilisha, akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi.

Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Kazi ya miaka mingi ikaisha kwa siku moja. Miaka mitatu baadaye, vita vya pili vikiendelea, alifungua hospitali ya Panzi. Zawadi ya Nobel ya amani ilikuja mwaka 2018. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Si kila kijana atapata Nobel, na hakuna anayemuomba hivyo. Jambo la kushika ni hili: Mukwege hakuanza na ndoto ya kuwa mtu mkubwa. Alianza na shida aliyoiona kwa macho yake, akachagua kazi inayoijibu. Alipoona njia si yake, hakuona haya kugeuka. Na alipobomolewa, hakungoja mkataba wa amani utiwe sahihi ndipo aanze tena.

Vijana wengi wanachanganya tamaa na lengo. Kutajirika ni tamaa. Kwenda Ulaya ni tamaa. Kupata kazi katika ONG, bila kujua ni kazi gani na unaiweza namna gani, ni tamaa vilevile. Lengo lina kiasi, lina tarehe, na kuna mtu mwingine anayelijua. Motari anayeendesha pikipiki ya mtu anaweza kusema kwamba siku moja atapata yake. Akiweka 1.000 franka kila siku, baada ya mwezi ana 30.000, na baada ya mwaka ana 365.000. Hazitoshi kununua pikipiki mpya. Lakini pengine hajawahi kushika kiasi hicho kwa mara moja, na kuanzia hapo anaweza kuongea na ndugu ao na mwenye pikipiki kuhusu kununua kidogo kidogo. Asiyeweka kitu hana la kuongea.

Likelemba ni shule nyingine ambayo haiombi diploma. Watu kumi wakitoa 5.000 franka kila juma, kila mmoja kwa zamu yake anapokea 50.000. Hatari yake inajulikana: kuna wanaokula zamu yao wakakimbia, na sanduku la kikundi linaweza kuibwa. Ndiyo sababu kuchagua wenzako ni sehemu ya lengo. Na siku ya zamu ndiyo mtihani wenyewe. Mmoja ananunua simu mpya, mwingine ananunua gunia la unga la kuuza. Walitoa franka sawasawa, lakini juma linalofuata hawako sawa tena.

Uchaguzi mbaya nao hauji na kelele. Kijana anaanza kubashiri mechi na 500 franka, anashinda mara moja, kisha anapitisha miezi akifuata ushindi ule wa kwanza. Mwingine anafuata marafiki katika kundi la silaha kwa sababu kuna chakula na jina la kuogopwa. Wapo wanaochukuliwa kwa nguvu, na hao hawakuchagua. Lakini anayeingia kwa kupenda ajue kwamba mlango wa kuingia ni mpana kuliko wa kutoka.

Wazazi wana sehemu yao. Kuna familia zinazouza shamba ili mtoto asomee sheria, kwa heshima ya jina tu, wakati mtoto mwenyewe anatengeneza simu za mtaa mzima na anadharauliwa. Kuna binti anayesoma usiku baada ya kuchota maji, kupika na kufua, na watu wanashangaa kwa nini kaka yake anamshinda mtihani. Lengo la kijana linahitaji saa moja ya utulivu nyumbani kabla ya kuhitaji pesa.

Viongozi nao, wa kila upande, wasijifiche nyuma ya maneno haya. Akiba ya kijana haijengi barabara, haileti umeme, haizuii risasi. Anayewaambia vijana wajitume, huku akimlipisha muuza makala kwenye kila kizuizi kati ya kijiji na soko, anawacheka. Kuomba amani na haki ni lazima kuendelee, kwa sauti kubwa.

Lakini kudai na kuanza vinaweza kwenda pamoja. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Jioni ya leo, kijana anayengojea hali itulie anaweza kuchukua daftari na kuandika jambo moja analotaka limalizike kabla ya mwezi wa sita: ni kitu gani, kiasi gani, tarehe gani. Kisha amuonyeshe mtu mmoja asiyeogopa kumuuliza, tarehe ikifika, amefikia wapi.