Tutibiwe Tulipo, kwa Lugha Tunayolilia
Ilani ya kuanzisha harakati ya afya ya akili Kaskazini mwa Kenya

Sisi tunaotia saini ilani hii ni watu wa Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera na Garissa. Baadhi yetu tumewahi kuugua akili, wengine tumeuguza. Wamo wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, walimu, maimamu na makasisi, na wamo wazee waliokuja kikaoni kusikiliza tu, wakaishia kusema mengi kuliko sisi. Harakati yetu haina jina bado. Tulipoanza kulijadili, kila lugha ilileta lake, tukaona kazi isingoje jina.

Tunachodai ni hiki: mgonjwa wa akili wa Kaskazini atibiwe karibu na kwake, na mtu anayeelewa anachosema. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Ibara ya 56 inaitaka Serikali iweke mipango ili jamii za wachache na zilizotengwa nazo zipate huduma za afya. Hatuombi hisani.

Kutosikilizwa kwetu kuna historia. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, na chini ya ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi. Daktari aliyeisimamia kuanzia 1938 hadi 1950, J. C. Carothers, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Alishikilia pia kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka uliofuata alitoa ripoti ya kuieleza Mau Mau kama tatizo la nafsi, wakati watu walikuwa wakidai ardhi yao. Leo hakuna daktari anayekisoma kitabu hicho kwa heshima, lakini dhana yake haijafa. Huku kwetu anayepelekwa hospitali ni yule aliyevunja vyombo au kupiga watu. Aliyenyamaza miezi mitatu, asiyekula, asiyetoka nje ya manyatta, huyo huambiwa ana mawazo tu, yatapita.

Na mawazo yetu yana asili. Wajir haijasahau Februari 1984, wanaume walipozuiliwa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakauawa. Garissa haijasahau alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika shambulio la chuo kikuu. Kisha ukaja ukame: misimu mitano ya mvua mfululizo ikapita bila mvua ya maana kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kame. Msaada ulipokuja ulihesabu magunia ya mahindi. Mzee aliyekuwa na ngamia, akabaki na kamba za kuwafungia, nani alimuuliza kama analala?

Tazama chumba cha zahanati. Mama wa Kirendille ameketi kwenye benchi. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakitoshi kueleza yaliyomo kifuani. Muuguzi ametoka kaunti ya mbali, ni mpole, na foleni imefika nje ya mlango. Mkalimani ni askari wa langoni. Askari akikosekana, ni mwanawe mama mwenyewe, wa darasa la sita. Mama anasema halali usiku, moyo unamwenda mbio, mwili wote unamuuma, na kuna siku anatamani ardhi immeze. Mtoto anatazama chini, halafu anatafsiri: "Anasema kichwa kinauma." Mama anaondoka na Panadol. Daftarini imeandikwa maumivu ya kichwa, na hesabu za mwezi zikifika makao makuu ya kaunti zinaonyesha kwamba zahanati hiyo haina mgonjwa wa akili hata mmoja. Hakuna mgonjwa, basi hakuna dawa. Hakuna dawa, basi hakuna anayekuja.

Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya 4 kwenda juu, ni 29 tu zilizokuwa zikitoa huduma za afya ya akili. Kutoka Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mtu aliyechanganyikiwa hapandi basi peke yake. Lazima afuatane na watu wawili, na itafutwe nauli ya watatu, chakula cha watatu, na mbuzi wa kuuzwa. Wakirudi wana dawa za mwezi mmoja. Mwezi wa pili ugonjwa unarudi, na majirani wanasema, si tuliwaambia hospitali haisaidii?

Kwa hiyo tunataka dawa za msingi za akili na za kifafa, pamoja na sindano ya kila mwezi, zifike vituo vya afya na zisiishie hospitali ya rufaa. Tunataka mkalimani anayelipwa na kula kiapo cha siri, na mtoto asimtafsirie mzazi wake tena. Serikali ilipowatuma wahudumu 100,000 wa afya ya jamii mwaka 2023, iliwapa mkoba wenye mashine ya kupimia presha na sukari. Wafunzwe pia kuuliza habari za usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi, kwa lugha ya nyumba wanayoingia. Kule Harare, bibi wa mitaani waliofunzwa na daktari Dixon Chibanda hukaa na wagonjwa kwenye benchi wakizungumza, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba nafuu ilipatikana. Bibi tunao. Kliniki nazo zifuate malisho na siku za soko: kama chanjo ya mbuzi hufika malishoni, dawa ya mwenye mbuzi itashindwaje?

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti ziwe na mabaraza ya afya ya akili. Yaundwe, na wagonjwa wenyewe wawe na viti humo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Machifu na polisi waambiwe hivyo barazani, familia ziache kuficha.

Kwa wenye dua, waganga na wazee wa mila: hatukuja kupigana nanyi. Watu huja kwenu kwanza kwa kuwa mnawasikiliza, na hilo hospitali inapaswa kujifunza. Ila mnyororo si tiba, viboko si tiba, na anayemkataza mgonjwa dawa anabeba dhima yake.

Na kwa wafadhili: tumechoka na warsha za hotelini, fulana na chai ya saa nne. Anayetaka kutusaidia alipe mshahara wa muuguzi mmoja kwa miaka mitano.

Wewe unayesoma, bajeti ya kaunti yako hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na kabla ya hapo lazima umma uitwe kutoa maoni. Nenda. Usiende peke yako. Uliza dawa za akili zimetengewa shilingi ngapi mwaka huu na zitafika zahanati gani, andika jibu utakalopewa pamoja na jina la aliyekujibu, kisha tuletee.