Mota ya kinu isihukumiwe kabla ya kuchunguzwa
Kwetu Kibiti na delta ya Rufiji, ambako mpunga wa mabondeni hukobolewa kwa mashine za umeme wa fezi tatu, napenda kusema kwamba mota ichemkayo aghalabu haina ila ya kiwandani, bali husongwa na vumbi la pumba lililojaa baina ya mapezi ya ganda lake na kuziba kifuniko cha feni, hata hewa isipate njia ya kuchukua joto. Vumbi hilo likishapanguswa kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa, fundi na apime ampia za kila fezi mashine ikiwa kazini, kwani fezi moja ikikatika, zilizobaki hubeba mzigo wote na waya huungua kwa muda mfupi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi na beringi iliyoshindiliwa grisi navyo huzidisha harara. Na kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopita kadiri iliyowekwa hupunguza umri wa kihami cha waya kwa takriban nusu. Basi nawasihi wenye vinu, msipandishe kipimo cha rilei ya kinga ili mashine isizime. Tafuteni kwanza sababu.