Bendera ya Vita: Ushahidi Utangulie Hadithi

Kitambaa cheupe chenye duara jekundu katikati, kilichojaa maandishi ya wino mweusi, huletwa mnadani na kunadiwa kuwa kilitoka kwa askari wa Kijapani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mnunuzi husikiliza masimulizi ya mapigano, akasisimkwa, akatoa fedha. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa maana hadithi imeutangulia ushahidi.

Wajapani walikuwa na desturi ya kumpa kijana aendaye vitani bendera ya taifa iliyoandikwa majina ya jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, pamoja na maneno ya kumwombea heri. Bendera hizo, ziitwazo yosegaki hinomaru, zilikuwa za hariri au pamba. Askari wengi wa Marekani na wa majeshi mengine walizichukua kuwa kumbukumbu ya vita. Zilipopata bei, waghushi nao walijitokeza.

Je, sayansi yaweza kusaidia? Yaweza, lakini kwa kiasi chake. Chini ya hadubini, uzi wa pamba huonekana kama utepe uliosokotwa, na wa hariri huonekana laini kama kioo. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, ikaenea baada ya vita. Basi bendera idaiwayo kuwa ya mwaka 1943, ikiwa imeshonwa kwa uzi wa poliesta, ni ya kutiliwa shaka, isipokuwa ithibitike kwamba mshono huo ni wa matengenezo ya baadaye.

Kipimo cha pili ni taa ya urujuanimno. Kemikali za kung'arisha nguo, zilizoenea katika sabuni za unga baada ya vita, hung'aa kwa rangi ya samawati chini ya taa hiyo. Hata hivyo, mng'ao peke yake si hukumu: yamkini bendera ya kweli ilifuliwa na mke wa askari miaka mingi baadaye.

Kipimo cha tatu ni kaboni 14. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliongeza kaboni hiyo karibu maradufu katika hewa ya nusu ya kaskazini ya dunia. Pamba iliyomea baada ya hapo hubeba alama hiyo.

Sasa na izingatiwe hoja iliyo kuu. Vipimo vyote hivi vyaweza kukanusha, haviwezi kuthibitisha. Mghushi mwerevu hutafuta kitambaa halisi cha wakati wa vita, akakiandika leo. Maabara itasema kitambaa ni cha kale, nayo itakuwa imesema kweli, na mnunuzi atakuwa amedanganywa vilevile.

Kwa hiyo hapana budi kuufuata mkondo wa umiliki: nani aliichukua, katika kikosi gani, wapi, mwaka gani, na ilipitia mikononi mwa nani. Barua, picha na kumbukumbu za jeshi ndizo mashahidi.

Jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma. Mjukuu akikuta kitambaa cha namna hiyo katika sanduku la babu yake, asikifue wala asikipige pasi. Kwanza aandike yale wazee wa ukoo wanayoyakumbuka, ataje jina la msimuliaji na tarehe, na atenge yaliyoonwa na yaliyosikiwa. Mwalimu wa historia na mwalimu wa kemia waweza kulifanya somo hili pamoja.

Faida yake si fedha. Tangu mwaka 2009 shirika la OBON Society, lililoko Oregon, Marekani, limekuwa likiwatafuta jamaa za askari kwa kuyasoma majina yaliyomo na kuwarudishia bendera hizo. Kwa baadhi ya familia, hicho ndicho kitu pekee kilichorudi kutoka vitani. Anayethibitisha kwa pupa huenda akaikabidhi familia iliyofiwa kitambaa cha uongo. Na anayefua ushahidi huenda akalifuta jina ambalo bado linangojewa nyumbani.