Mitambo ya mpakani ijiendeshe, lakini kielelezo kiandikwe mpakani

Asubuhi na mapema, foleni ya Petite Barrière mjini Gisenyi huwa imekwisha jaa. Akina mama wenye nyanya, kabichi na maziwa huvuka kwenda Goma, na wengine hutoka Goma kuja kununua upande wa Rwanda. Ni makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao kwa miguu, na mtaji wa wengi wao ni ule waliojitwika kichwani.

Foleni hiyo leo inategemea kompyuta. Kompyuta ya afisa uhamiaji ikigoma, foleni inasimama. Mtandao wa forodha ukikatika, malori yanapanga mstari Grande Barrière. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni safari ya saa tatu au zaidi kwa barabara, na nyanya haimsubiri fundi.

Ndiyo maana wazo la mitambo inayojisimamia yenyewe linastahili kupokewa vizuri. Si wazo jipya. Mwaka 1993, Mark Burgess alianza kutengeneza mjini Oslo programu iitwayo CFEngine, ili kompyuta nyingi zitunzwe bila fundi kuzipitia moja moja. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitangaza lengo kubwa zaidi: kompyuta zijiendeshe kama mwili wa binadamu, ambao moyo wake hupiga bila kuamriwa. Zijipange, zijiponye, zijirekebishe na zijilinde.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mafundi huandika kielelezo, yaani maelezo ya hali ambayo mitambo inatakiwa kuwa nayo: programu zipi ziwepo, nani aruhusiwe kuingia, milango ipi ya mtandao ifungwe. Kisha programu hulinganisha kielelezo na hali halisi, tena na tena. Ikiona tofauti, hurudisha mambo kama yalivyoandikwa. Puppet, programu maarufu ya kazi hiyo, kwa kawaida hukagua kila baada ya nusu saa.

Kwa kituo cha mpakani chenye mafundi wachache, hiyo ni nafuu kubwa. Huduma iliyozimika usiku inawashwa kabla ya foleni ya asubuhi. Kompyuta mpya inapangwa sawasawa na za zamani bila mtu kusafiri.

Lakini wahenga walisema mganga hajigangi. Mtambo unaojiponya haujui afya ni nini. Unajua kilichoandikwa tu. Kama kielelezo kimeandikwa na mtu asiyeujua mpaka, mtambo utalitetea kosa lake kwa bidii ileile ambayo ungelitetea jambo sahihi. Tuseme kuna dharura, na fundi wa kituoni amebadilisha mpangilio kwa mkono ili kompyuta zilizobaki zihudumie watu. Kwa programu, mabadiliko hayo ni kasoro. Baada ya nusu saa itayafuta, na fundi atajikuta anashindana na mashine badala ya kuhudumia umma.

Gisenyi dharura si hadithi. Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa chache kwa sababu ya Ebola iliyokuwa imeingia Goma. Mwaka 2020 ikaja Uviko. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na maelfu ya watu wakakimbilia Rubavu, kisha matetemeko yakapasua nyumba na barabara pande zote mbili. Januari 2025 vita viliingia Goma. Kielelezo kinachojua siku za kawaida peke yake hakiujui mpaka huu.

Hata wakubwa wa dunia wameonja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao mkuu wa kampuni, na programu iliyowekwa kuzuia amri za namna hiyo ilikuwa na hitilafu, haikuizuia. Dawa ilikuwa kuwatuma wahandisi waende kwa miguu yao hadi kwenye mitambo.

Wapo watakaosema kwamba kumpa fundi wa mpakani uwezo wa kuisimamisha programu ni kufungua mlango wa rushwa. Hofu hiyo ina msingi, ila ina jibu. Kila usimamishaji uandikwe pamoja na jina na saa, uonekane Kigali papo hapo, na ukome wenyewe baada ya muda uliokubaliwa. Kumnyima kabisa uwezo huo hakuondoi hatari. Kunaihamishia kwa mama mwenye nyanya.

Basi mambo matatu yafanywe. Kwanza, kielelezo kiandikwe pamoja na maofisa na mafundi wa kituoni, nacho kieleze hali ya mlipuko, ya ugonjwa na ya kukatika kwa mtandao, si hali ya kawaida tu. Pili, kila kituo kiwe na mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha programu. Tatu, kazi ya makaratasi isisahauliwe. Ifanyiwe mazoezi, ili siku mitambo yote ikinyamaza watu waendelee kuvuka.

Kazi hiyo isiishie upande mmoja wa barabara. Forodha za Rwanda, Uganda, Burundi na Kongo zote hutumia mfumo uliotengenezwa na UNCTAD, ambao Wakongo huuita SYDONIA na wengine ASYCUDA. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mafundi wa nchi hizi wana matatizo yanayofanana, lakini kila mmoja anayatatua peke yake, huyu kwa Kifaransa, yule kwa Kiingereza. Kumbe pale Petite Barrière muuzaji na mnunuzi huelewana kwa Kiswahili. Maelezo ya mitambo inayowahudumia nayo yanaweza kuandikwa kwa lugha hiyo, yakasomwa Gisenyi, Goma, Bujumbura na Arusha.