Mdhamini si pambo la karatasi ya barua

Hapa Nemba, wilayani Biharamulo, mtu akiombwa awe mdhamini hulala na neno hilo usiku kucha. Anajua anaitiwa nini. Ndugu yake yuko mahabusu, mahakama inataka mtu mwenye kitambulisho, barua ya mtendaji na mali inayoonekana, na siku mshtakiwa akiruka dhamana atakayetafutwa ni yeye. Kwa hiyo anauliza maswali. Anamtazama ndugu yake machoni. Tarehe ya kesi anaikariri kuliko mshtakiwa mwenyewe, na asubuhi hiyo anamgongea mlango kabla jogoo hajawika mara ya pili.

Neno hilohilo likifika mjini, kwenye vyama vya wasomi, linageuka kuwa cheo.

Chama cha kitaaluma ninachokilipia ada kwa mwaka wa tisa sasa kina bodi ya wadhamini. Jina lake sitalitaja, maana ugonjwa huu haukiumi chenyewe tu. Majina ya wadhamini yamepangwa kwenye karatasi zake za barua: profesa, daktari, mheshimiwa mstaafu. Wawili kati yao ni marehemu. Tuliwalilia, salamu za rambirambi zilitumwa, lakini kwenye karatasi bado wanatudhamini. Kwa miaka tisa sijaona mahesabu ya mwaka hata mmoja. Mkutano mkuu umeitishwa mara mbili, na mara zote mbili tangazo limenifikia watu wameshakula chakula cha mchana na kupiga picha ya pamoja.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Wengi wetu tumechanganya mambo mawili. Kuna mlezi wa chama na kuna mdhamini. Mlezi ni mtu wa heshima: anafungua kongamano, anatoa nasaha, anapewa zawadi ya picha ya kuchora, anaondoka. Mdhamini ni habari nyingine kabisa. Sheria ya wadhamini, Sura ya 318, inawasajili kwa Kabidhi Wasii Mkuu, pale RITA, na wakishasajiliwa wanakuwa mtu mmoja mbele ya sheria. Mtu huyo ana lakiri yake, anamiliki ardhi na mali kwa niaba yetu, anashtaki na kushtakiwa, na hafi hata mmoja wao akifa. Lakini hilo la kutokufa lina kazi yake. Aliyefariki ajaziwe nafasi, mabadiliko yapelekwe kwa msajili, marejesho yafike. Bodi inayoacha majina ya marehemu yakae miaka na miaka inaacha kiwanja cha chama, akaunti ya chama na jina la chama mikononi mwa watu wasioweza kuitika wakiitwa. Siku mjanja mmoja akivamia kiwanja hicho na kuweka matofali, nani atasimama mahakamani?

Najua jibu linalokuja. Hawa ni wazee wenye shughuli nyingi, wanajitolea, hawalipwi mshahara. Sawa. Na yule aliyemdhamini nduguye mahakamani analipwa na nani?

Njooni Nemba siku ya kikoba cha akina mama. Mama hawa hawana shahada. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na anayeweka sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Fedha inahesabiwa chini, mkekani, mbele ya macho ya kila mwenye hisa. Aliyechelewa anatozwa faini hata kama ni mwenyekiti. Nimemsikia mama mmoja akimkatalia katibu kuendelea na kikao kwa sababu ya shilingi mia tano ambazo hazikuonekana kwenye daftari. Katibu alikasirika, kikao kikasimama, daftari likapekuliwa ukurasa baada ya ukurasa mpaka mia tano ikapatikana. Mali bila daftari hupotea bila habari: wasomi tunaiandika ubaoni kuwa mfano wa methali, mama wale wanaiishi. Halafu chama chenye maprofesa kinaniambia mahesabu yanaandaliwa. Mwaka wa tisa!

Na bado fedha siyo kidonda kikubwa. Kidonda ni lengo. Katiba yetu, ambayo nakala yake niliipata kwa kuomba mara nne, inasema chama kipo ili kusambaza maarifa kwa walimu na wananchi. Kulinda lengo hilo ndiyo kazi ya kwanza ya bodi, maana kamati tendaji huja na kuondoka, kila moja na mipango yake, na wa kuiuliza "hili linahusiana vipi na tulichoahidi?" ni wadhamini. Chukueni mfano mmoja. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne hivi, na Benaco, kule Ngara, ikageuka mji wa mahema. Wanafunzi ninaowafundisha wana wazazi walioyaona hayo. Wananiuliza. Watafiti walikuja, wakahoji watu, wakaenda zao. Chama changu hakijanifikishia hata ukurasa mmoja wa Kiswahili ninaoweza kuuweka mezani nikasema: tusome hapa.

Na tusidanganyane kwamba nchi hii haiwezi. Chama cha Historia Tanzania, ambacho si hiki changu, kilitoa vijitabu vyake kupitia East African Publishing House ya Nairobi nchi ikiwa bado changa: Walter Rodney juu ya Afrika Magharibi na biashara ya watumwa, Gwassa na Iliffe juu ya Majimaji, na mwaka 1970 Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, majirani zetu hapa. Mwaka 1969 Kimambo na Temu wakahariri historia ya Tanzania ambayo vizazi vya walimu vimeipitia. Vitabu hivyo vilikuwa vya Kiingereza, ndiyo, na hilo ni deni letu bado. Lakini mtu aliketi, akatafuta fedha, akatafuta mchapaji, akahakikisha kazi inatoka. Cha Katoke nilikisoma chuoni, gamba limeshachomoka, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba upande wetu huu wa ziwa unaweza kuandikwa.

Waheshimiwa wadhamini, mlio hai. Ninachodai kinaenea kwenye karatasi moja. Tupeni majina ya waliosajiliwa kweli. Tupeni mahesabu, hata kama yana aibu. Aibu tutaibeba pamoja, giza hatulibebi. Mkutano mkuu utangazwe miezi miwili kabla, na mara moja moja ufanyike Bukoba au Mwanza, kwa sababu mwalimu wa Biharamulo akienda Dar es Salaam anasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa nauli ya mfukoni mwake. Na mwenye kuona kazi hii ni nzito aseme. Tutampa ulezi, tutamvisha skafu, tutampigia makofi kwa moyo mweupe. Kiti cha mdhamini akiachie mwenye nafasi ya kukikalia.

Barua yangu kwa Kabidhi Wasii Mkuu nimeshaiandika. Nimeambatisha risiti tisa za ada, na Jumatatu nitashuka nayo Biharamulo mwenyewe. Ina swali moja tu: kati ya hao mlionao kwenye kumbukumbu zenu kama wadhamini wetu, wangapi bado wanapumua?